Kirumbizi cha Harusini

Mpwa wangu Mbodze,

Pokea salamu za mjomba wako, ambaye Mombasa nzima sasa yamjua. Hata mvua ya masika ilisita nipite. Ila watu wa Mji wa Kale wamenichosha. Kwenye harusi ya binamu yako waliniita nicheze kirumbizi, ngoma yao ya fimbo, na mzee wa upande wa bwana harusi. Nikaona heshima ya ukoo wetu iko mkononi mwangu. Nikashusha moja, fimbo yake ikakatika. Zumari ikanyamaza. Mzee akasema taratibu, "Mkwe, huu ni mchezo. Nyoka hayuko." Ati fimbo zagusana tu. Sasa si wangecheza na mafagio?

Mungu akutunze, mwanangu. Mama yako asijue: harusi niliimalizia mlangoni, nikilinda viatu vya wageni, na vyangu vikaibiwa.