Mgeni Aliyeiandika Cherehani Yangu

Mjukuu wangu Salma,

Salamu nyingi kutoka Tottenham. Goti la babu yako limepoa, na mama yako kapata zamu za mchana. Umeniuliza kama yule mdai aliyebisha hodi kwako Leeds anaweza kuchukua kompyuta yako.

Nilipokuwa bado mgeni hapa, alikuja mmoja kudai pesa za kochi nililolichukua kwa mkopo. Kwetu mtu hasimamishwi mlangoni, basi nikamkaribisha, nikamtilia chai. Akanywa huku akiorodhesha vitu vyangu, mpaka cherehani iliyokuwa ikitulisha.

Jirani yangu, Bi Doreen, akaingia kuchukua gauni lake. Akamkazia macho yule mgeni na orodha yake.

"Una karatasi ya mahakama?"

"Natoka kampuni iliyonunua deni."

"Basi wewe mkusanya madeni tu, si dalali wa mahakama. Huna ruhusa ya kugusa hata kijiko. Maliza chai, bwana, uende."

Akaimaliza, akaenda. Deni nililipa polepole, kwa kushona.

Huyo wako akirudi, muulize katumwa na nani; kama si mahakama, hawezi kuigusa kompyuta yako. Bado nawapenda wageni, Salma, lakini siku hizi nawauliza kwanza, mlango ukiwa bado umezuiwa kwa mnyororo.

Bibi yako akupendaye