Kamera Iliyoingia Bombani kwa Bi Zuhura

Ruiru, Jumamosi, 17 Julai 1999

Baba Wanjiku,

Asubuhi kulikuwa na ukungu na baridi, nikavaa koti lako la kazi. Mfukoni bado kuna kipande cha kamba ya mkonge ulichofungia funguo. Sijakitoa.

Leo nimefurahi, na ninaona haya kidogo kuandika hivyo. Haujatimia hata mwaka tangu tukuzike.

Unaikumbuka hoteli ya Bi Zuhura kule Thika. Bomba la maji machafu ulilomlazia chini ya sakafu ya jikoni ndilo lililokuwa kazi yako ya mwisho. Mwezi huu liliziba. Fundi Njoroge akaja, akasema marehemu aliacha saruji ndani ya bomba, kwa hiyo sakafu yote ipasuliwe. Maneno hayo yalinifikia sokoni.

Sikulala vizuri. Wewe hukuwa mtu wa kuacha saruji ndani.

Nikaikumbuka kamera ambayo dada yako alituletea kutoka ng'ambo, ile ndogo kama kidole, yenye taa kichwani na waya mrefu wa kuchomekwa kwenye kompyuta. Ulifariki kabla ya kuifungua. Nikaitoa sandukuni, nikaichomeka kwenye kompyuta ambayo Wanjiku anapigia watu barua chapa. Kompyuta ikasema haiijui. Nikatia ile CD iliyokuja nayo, haikusaidia. Siku tatu nilichomeka na kuchomoa. Wanjiku akaniambia, "Mama, wachana nayo, utaniharibia mashine."

Jana nikiosha vyombo nilikumbuka ulivyokuwa ukiwakemea vibarua waliofungua maji kabla viungo vya mabomba havijakauka: "Maji ni mgeni. Tengeneza nyumba kwanza, mgeni aje mwisho."

Mimi nilikuwa namleta mgeni kwanza.

Nikachomoa kamera. Nikamwomba Wanjiku afute yote tuliyokuwa tumejaribu, tukazima kompyuta, tukaiwasha upya. Tukatia CD, tukangoja programu imalize kuingia. Ndipo nikachomeka. Taa ikawaka, na kwenye kioo cha kompyuta nikaona kiganja changu, kikubwa, pamoja na pete yako.

Nilikaa chini.

Leo jirani alitupeleka Thika kwa pikapu yake, kompyuta imefungwa kwa blanketi. Bi Zuhura alipoona tunaipanga mezani alicheka. "Mama Wanjiku, umeniletea televisheni jikoni?"

Njoroge alikuwa ameshafika na nyundo yake. "Mama, bomba si la kutazamwa. Ni la kupasuliwa."

Nilifungua ule mfuniko wa kukagulia bomba uliouacha chini ya sinki, ambao hakuna aliyekuagiza uuweke, nikaingiza kamera polepole. Tukaona ukuta wa bomba, mafuta ya pilau, kisha kiungo chako cha kwanza. Kisafi, Baba Wanjiku. Hakuna hata tone la saruji. Nilimwomba Njoroge asogee aangalie vizuri, akasogea.

Mbele kidogo ya kiungo kulikuwa na kitu cha rangi ya kahawia, chenye vishimo vishimo. Tukainama wote kukitazama.

"Haiya," Njoroge akasema. "Si hilo ni gunzi?"

Bi Zuhura akajifunika uso kwa mtandio. Kizibo cha sinki kilipotea kitambo, na wapishi wake wamekuwa wakiziba kwa gunzi la mahindi, kama tunavyoziba mitungi. Moja lilipenya likaenda zake.

Njoroge alilivuta kwa waya wenye ndoano. Maji yakashuka kwa kishindo. Akaweka nyundo kwenye mfuko, kisha akasema mbele ya wapishi wote, "Marehemu alifanya kazi safi. Mimi ndiye niliyekosea."

Ni hayo tu niliyoyataka. Sakafu haikuguswa. Bi Zuhura alinifungia mahamri ya kubeba, na gunzi nalo akaliweka juu ya kabati ili wapishi waone haya.

Nimerudi nyumbani nikaifuta kamera kwa kitambaa chako, nikaukunja waya wake kwa duara, kama ulivyokuwa ukikunja mipira ya maji. Nafikiri ungecheka kuniona nimepiga magoti pale, na koti lako linafika magotini.

Huku jina lako liko salama. Nawe huko uliko, nikumbuke.