Kidole Nilichokiinua

Mdogo wangu Isaya,

Kamwene. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Makambako, wewe, shemeji na watoto. Mimi ni mzima. Kazi ya kuchambua parachichi inaendelea. Huku New Zealand sasa ni kiangazi, jua linachelewa kuzama, wakati ninyi nadhani mnakanyaga tope. Nimeandika kwa mkono kwa sababu simu zangu huzipokei tangu nilipoondoka, na sikulaumu. Ataileta mwanafunzi mmoja wa Iringa anayerudi nyumbani.

Nikueleze jambo lililonipata. Kila mwaka wafanyakazi wa mashamba na viwanda vya matunda vya hapa hufanya mashindano ya kriketi, ya kujifurahisha tu. Wengi wao ni Wahindi, na mchezo huo kwao ni kama mpira kwetu. Shida yao ni waamuzi, maana kila mtu anataka kucheza. Mwaka juzi walinichukua mimi kwa kuwa sina timu. Aliyenifundisha ni Bi Margaret, mwalimu mstaafu, ambaye ndiye mwamuzi mwenzangu. Tunavaa makoti meupe kama mabwana mifugo, tunawashikia warushaji kofia zao, na mfukoni nina vijiwe sita vya kuhesabia mipira. Mpigaji akitolewa, mwamuzi anainua kidole kimoja, naye anaondoka na harudi tena katika mchezo huo. Bi Margaret alinionya mapema: "Usichokiona usikiinulie kidole. Sikio peke yake halitoshi."

Mwaka huu kwenye nusu fainali alikuwa anapiga Harjit, msimamizi wetu kiwandani. Mpira wake wa pili tu ulipita karibu na ubao wake wa kupigia, nikasikia ta!, na mdakaji aliyekuwa nyuma yake akaudaka. Mpira ukigusa ubao kisha ukadakwa kabla haujaanguka, mpigaji ametoka. Wadakaji wote wakapiga kelele wakinigeukia. Nikainua kidole. Harjit alinitazama kidogo, akaweka ubao kwapani, akaondoka. Timu yake ikashindwa. Jioni Bi Margaret aliniuliza kama niliuona mpira ukigusa ubao. Nikamjibu niliuona.

Jumatatu wakati wa chai watu walikuwa wanaangalia mchezo ule kwenye simu. Mke wa Harjit alikuwa ameurekodi. Waliniachia simu niangalie. Ubao uligonga kiatu chake mwenyewe. Kati ya ubao na mpira ngumi nzima ingepita.

Nilimfuata Harjit kwenye mashine ya kupanga matunda, nikamwambia nimekosea.

"Nilijua pale pale," alisema bila kuacha kazi.

"Mbona hukusema?"

"Kidole kilikuwa kimeshapanda."

Kisha akanieleza kilichokuwa kinamuuma. Baba yake alikuwa amekuja kutoka India kumtembelea, mara ya kwanza tangu ahamie huku, na siku ile alikaa kando ya uwanja kumwona mwanawe akicheza. Aliona mipira miwili. Jumatano angepanda ndege.

Nikamwomba anikaribishe kwake. Jumanne baada ya kazi nilikwenda, nikakaa mbele ya yule mzee, nikasema mwanao hakutoka, mimi ndiye niliyekosea. Harjit alitafsiri. Mzee akauliza kitu, na Harjit akanigeukia.

"Anasema, kama hukuona, kwa nini uliinua?"

Nilisema watu wote walikuwa wananitazama. Mzee akanisogezea kikombe cha chai. Kesho yake aliondoka. Nimemwambia Bi Margaret mwakani atafute mwingine, amekataa.

Isaya, hata siku ya kikao cha ukoo kule Kifanya ilikuwa hivyo. Mipaini ya baba mdogo Amosi imeungua, watu wamekaa, wamechoka, wanataka jina. Nilipoulizwa nilisema nilikuona ukiwasha majani bondeni na kuyaacha yanawaka. Sikukuona. Niliona moshi, baadaye nikakuona ukipanda kutoka bondeni na panga, mengine nikayaunganisha mwenyewe. Wewe ulisema ulikuwa unakata mianzi na moto uliukuta. Huenda ndivyo. Mimi sijui, lakini nilisema kama mtu anayejua. Wewe ukanyang'anywa shamba la baba kufidia mipaini hiyo, ukahamia Makambako kunoa misumeno ya watu. Mimi nikapanda ndege.

Nilimpigia baba mdogo nikamweleza. Akasema, "Hayo uliyasema mbele ya watu. Uyafute mbele ya watu."

Jumapili iliyopita baada ya ibada walikusanyika kwake, wakaweka simu mezani, nikasema kama nilivyoandika hapa. Nilimsikia shangazi Tabitha akilia. Baba mdogo alitamka mbele ya wote kwamba shamba ni lako, na kwamba atakuja mwenyewe Makambako kukuambia. Akija mpokee vizuri. Yeye aliamua kwa neno langu.

Sikuombi unijibu. Miaka mitatu imekwenda na siwezi kuirudisha. Nilitaka tu ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa mwingine: nilisema nilikuona, na sikukuona.

Nisalimie shemeji Neema na watoto, pamoja na yule wa mwisho ambaye hatujaonana naye. Msalimie mama mkwe wako, na yule jirani yako fundi baiskeli aliyekupa mahali pa kuanzia. Na ukienda Kifanya, mpe mama pole ya mguu, mkae naye siku mbili tatu.

Ni mimi kaka yako,
Elia