Chupa ya Chai Kwenye Kioo

Mpendwa Baba Chebet,

Vumilia mwandiko wangu leo, nina mengi ya kukwambia.

Unakumbuka siku ulipoingia nyumbani kwetu, mtaa wa Section 58, na kile kiti cha gari cha mtoto, cha mtumba, mimi nikiwa na mimba ya Chebet? Mamako, aliyekuwa ametutembelea kutoka Kuresoi, alicheka akashika mbavu. Akauliza tangu lini mtoto wa watu akafungwa kama mbuzi wa kupelekwa sokoni, na mamake ana mikono. Nami nilicheka. Wewe, mwalimu wa fizikia hata jikoni, ukatutoa nje kutuonyesha mwezi. Ulisema huko juu mtoto angekuwa mwepesi ajabu, lakini akigonga ukuta kwa kasi ileile ataumia vilevile, kwa sababu masi yake, ule wingi wa mwili wenyewe, haipungui. Kinachoumiza ni hiyo masi, na jinsi kasi inavyokatwa ghafla. Mamako akasema yeye hana safari ya mwezini.

Kifo kilikuchukua kabla hajazaliwa. Kiti kikabaki, nami nikakitumia kwa sababu naendesha peke yangu, wala si kwa imani.

Jumamosi tulikuwa tunatoka kwa mamako. Dada yako Chepkoech alikuwa aje nasi mjini, akae mbele ampakate Chebet, maana mtoto alikuwa amekataa kabisa kufungwa. Tukiwa tayari kuondoka, akaamua kubaki kuvuna viazi. Nikamfunga mtoto nyuma akipiga kelele, na pale mbele nikaweka chupa ya chai.

Karibu na Molo, mkokoteni wa punda ukakatiza barabara. Nikakanyaga breki kwa nguvu zangu zote.

Baba Chebet, ile chupa iliruka. Hata sikuiona ikienda. Niliona tu kioo cha mbele kimepasuka na chai inatiririka. Chupa ninayoibeba kila siku bila kufikiri! Na Chebet ni mzito mara kadhaa kuliko hiyo. Nilikuwa nimenyoosha mkono wa kushoto kuizuia. Mkono ulifika gari likiwa limeshasimama.

Nilishuka nikakaa kwenye nyasi. Kijana mwenye punda akachungulia nyuma, kisha akaniambia, "Mathe, tulia. Mtoi ako sawa, analia tu."

Siamini hadi sasa. Nimemlea mtoto huyu nikidhani mikono yangu inatosha. Nikimtazama akila ugali wake, naiona ile chupa. Na nimekukasirikia pia, kwa kuwa ulisema kweli na hupo nikwambie.

Jana nilimpigia mamako simu nikamweleza yote. Akauliza, "Sasa nani alikuwa ameshika mtoto?"

Nikamwambia, "Babake."

Akaanza kulia, nami nikalia.

Lala salama. Huku tuko wawili, wazima.

Mkeo,
Mama Chebet