Kaboni Chini ya Maua

Nyasho, Musoma
Jumapili, baada ya ibada

Dada yangu Rebeka,

Nawasalimu wewe, shemeji na watoto, na zaidi Mama, ambaye najua anasikiliza barua hii akiwa ameegemeza mguu wake kwenye kigoda. Mguu unaendeleaje? Dokta wa zahanati alisema nini mliporudi mara ya pili? Na mtama, umesimama au jua limeuwahi? Barua yako niliyoletewa na yule muuguzi kutoka Mpwapwa niliisoma nikiwa nimesimama barabarani, nikaisoma tena ofisini, na sasa mikunjo yake imeanza kuchanika.

Mimi ni mzima. Nakula, naenda kazini, naenda kanisani. Huku mvua imekuwa nzuri, isipokuwa dagaa wamepungua sokoni kwa sababu ya upepo. Mwambie Mama hayo kwanza, asije akashika kifua wakati unaendelea kusoma. Kusema kweli nimeanza barua hii mara tatu leo. Nikifika nusu ya ukurasa nasimama, naenda mlangoni, natazama uwanja mtupu, narudi.

Dada, nimenunua cherehani. Ni ya kukanyaga, ya kutumia nyumbani, na ina vifaa vyake vya kudarizi. Najua unacheka. Hata wapangaji wenzangu hapa uani wamecheka mpaka wamechoka. Kila nikiiweka karibu na dirisha, mama wa chumba cha pili ananiuliza, "Bwana Karani, unaolewa lini tukuletee zawadi?"

Sababu ni hii. Tangu mwaka jana hapa ofisini hakuna habari nyingine ila kupunguzwa kazi. Tunaambiwa serikali haiwezi tena kutubeba wote. Zamani mfanyakazi mwenye mradi aliuficha nyuma ya nyumba, akaogopa kuitwa mlanguzi. Siku hizi bosi mwenyewe anatuuliza kikaoni kila mmoja ana mradi gani. Karani mkuu anafuga kuku. Mke wa mtunza ghala anakaanga sambusa. Mimi nilikuwa na kalamu mbili na mashine ya chapa ambayo si yangu. Basi nikakumbuka vitambaa vyako vya makochi, na jinsi wageni walivyokuwa wakivishika kabla hawajaketi.

Aliyenipatia cherehani ni dereva wetu wa ofisi, Mzee Magesa. Ni mtu mzima, mpole, ana mke anayedarizi mashuka ya maharusi nyumbani kwao Kamunyonge. Alisikia kwamba mwalimu mmoja mstaafu wa sayansi kimu pale Nyasura, Bunda, anahama na anauza yake. Tulipopelekwa Bunda kikazi tukapita kwake. Ile kuileta Musoma ndani ya gari la serikali niliogopa. Nilimwambia Mzee tuifunike turubai. Akasema, "Karani, ukiifunika ndiyo watu watajua umeiba." Tukaja nayo wazi, gurudumu linazunguka lenyewe kwenye mashimo, na hakuna aliyetuuliza kitu.

Mke wake, Mama Nyangi, ndiye aliyenifundisha, Jumamosi mchana. Dada, nilidhani kudarizi ni kushona tu. Kumbe kwanza unaung'oa ule mguu unaokandamiza kitambaa, unayateremsha yale meno ya chini yanayokivuta, na cherehani inabaki haina wa kuiongoza ila mikono yako. Kitambaa unakibana kati ya duara mbili za mbao mpaka kikaze kama ngoma, kisha unakisukuma wewe mwenyewe chini ya sindano, huku miguu inakanyaga bila kusita. Mimi nilisita. Kila nikisita, gurudumu linarudi nyuma na uzi unafungana. Siku ya kwanza nilivunja sindano tatu, na sindano hizo zinatoka Kenya kwa kubembelezana. Maua yangu yalikuwa na pembe nne. Mama Nyangi aliyageuza huku na huku, akasema, "Yona, wewe unaandikaga barua ya serikali. Hili ni ua. Na miguu yako, inaogopaga nini?"

Mpaka hapa msomee Mama. Kuanzia hapa soma peke yako kwanza.

Binti wa dada yake Mama Nyangi alikuwa anaolewa Butiama. Kwa ukoo wao, mashuka ya bibi harusi hayafiki kwa mumewe yakiwa yamekunjwa. Shangazi anayafungua moja moja mbele ya mama mkwe na wanawake wa upande ule, nao wanageuza nyuma kuona kama mafundo yamefichwa. Mashuka alikuwa anayadarizi Mama Nyangi mwenyewe. Mimi akanipa foronya mbili, kwa heshima kubwa, na nikakosa usingizi.

Sijui kuchora. Lakini karani anajua kunakili. Nikachukua ofisini karatasi za kaboni zilizochakaa, nikaziweka kati ya mchoro na kitambaa, nikapitisha kalamu juu, na ua likatoka chini vile vile lilivyo. Mama Nyangi alifurahi sana. Akaniambia nimwachie kaboni naye anakilie mashuka, nikamwachia bahasha nzima.

Sasa sikia kosa langu. Siku mbili kabla ya hapo bosi aliniita, akafunga mlango, akanipa orodha ya majina niichape, nakala moja, barua ya siri. Ilikuwa orodha ya watakaopunguzwa. Jina langu halikuwemo. Jina la Mzee Magesa lilikuwa la nne. Kwa barua ya namna hiyo, kaboni inachomwa moto papo hapo, ndiyo kanuni, na bosi alinikumbusha. Lakini ilikuwa kaboni mpya, Dada, imepigwa mara moja tu. Wewe unakumbuka miaka ile tulivyokata karatasi vipande vinne, tukaandika mpaka pembeni. Ofisini kwetu kaboni inatumika mpaka iwe nyeupe. Nilishika kiberiti, nikashindwa. Nikaitia kwenye bahasha pamoja na zile kuukuu, nikasema moyoni nitaitumia mwenyewe kwenye maua mpaka maneno yafutike.

Nilikumbuka Jumapili, kesho yake baada ya kumwachia bahasha, nikiwa kanisani katikati ya maombi. Kaboni mpya ukiinyanyua kwenye mwanga, kila herufi iliyopigwa inaonekana nyeupe, inasomeka kama gazeti. Sikusubiri baraka. Nilitembea kutoka kanisani mpaka Kamunyonge na viatu vya ibada.

Nilimkuta Mama Nyangi ameketi karibu na dirisha, shuka mapajani. Mzee alikuwa ametoka. Nikauliza habari za nyumbani, nikauliza na za mashuka, kisha nikaomba bahasha yangu. Akanipa. Nikahesabu kaboni moja moja, ile mpya haikuwemo.

"Iko hapa," akasema, akaitoa chini ya mto wa kiti. "Hii karatasi yako ina maneno."

Nikamwuliza kama amesoma.

"Nilisomaga mpaka la nne. Jina la mume wangu nalijua hata likiandikwa kwa jua."

Nikaanza kueleza kuhusu kiberiti, na kanuni, na kwamba nitakwenda kwa bosi mwenyewe kukiri kabla sijakamatwa. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniuliza, "Nisingeiona, ungeniambia?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nikasema, "Hapana, Mama."

"Umekula ugali wangu jana ukijua."

"Ndiyo, Mama."

Nikatazama viatu vyangu. Hakunifukuza. Alisema tu kwamba harusi ni Jumamosi, na mume wake ndiye atakayesimama kusema kwa niaba ya upande wao, na anataka asimame pale akiwa mtu mwenye kazi. Baada ya hapo ataona mwenyewe namna ya kumwambia, au kutomwambia. Kisha akaipeleka kaboni kwenye jiko la mkaa, akaisimamia mpaka ikawa majivu, jambo ambalo mimi karani wa serikali nilishindwa. Aliporudi akanitupia foronya zangu. "Na hizi je? Umeziona?"

Sikuwa nimeziona. Kaboni ya ofisi haitoki kwenye kitambaa cheupe, na heri mashuka alikuwa hajayaanza nayo. Pale nilipokandamiza kwa kiganja palikuwa na wingu jeusi kuzunguka kila ua, na kadiri alivyofua ndivyo lilivyotapakaa. Akasema ziko njia mbili, kununua kitambaa kingine ambacho hakipo, au kufunika. Akanionyesha mshono wa kujaza, uzi kando ya uzi bila kuacha nafasi, mpaka kitambaa kisionekane. Nilishona majani juu ya kila doa. Wiki nzima kila nikitoka kazini nilikanyaga mpaka jua linazama, na kwa sababu kichwa changu kilikuwa kwa Mzee na si kwenye miguu, miguu ikasahau kuogopa.

Harusi imepita jana. Nilikwenda Butiama nao. Mama Nyangi aliniambia baadaye kwamba foronya zilipofunguliwa, mama mkwe alizigeuza, akakwaruza majani kwa ukucha, akasema fundi huyu hana choyo cha uzi. Mzee Magesa alisimama, akasema vizuri, bila haraka, mkono mmoja mfukoni, na watu wakamsikiliza. Mimi sikuweza kumaliza soda yangu.

Leo baada ya ibada amekuja hapa Nyasho peke yake, jambo ambalo hajawahi kufanya. Akasema anataka kuona kile chombo alichokibeba kutoka Bunda kama kinafanya kazi. Akaketi, akaweka miguu kwenye kanyagio, akauliza kama ina gia ya rivasi. Nikamwambia rivasi yake ndiyo inayokata uzi. Akaanza kukanyaga, na Dada, sijawahi kuona mguu mtulivu vile. Gurudumu halikurudi nyuma hata mara moja. Mimi nikashika duara, nikasukuma kitambaa, na ua zima likatoka bila uzi kukatika, yeye miguu, mimi mikono. Mama wa chumba cha pili alisimama mlangoni na hakupata la kutania.

Tulipomaliza akachukua kofia yake. Kesho asubuhi barua zinagawiwa. Mimi ndiye ninayezungusha kitabu cha kupokelea, na kila mtu anatia saini mbele yangu. Hakuna aliyetangaziwa. Mzee akafika mlangoni, akageuka.

"Karani," akasema, "kesho na kitabu chako uanze na mimi. Usinizungukezunguke."

Akaenda zake. Sijui alijua lini. Huenda alijua tangu Jumapili iliyopita, akaenda Butiama na kusema yale yote akijua.

Nimeweka ua hilo ndani ya barua hii. Limekatwa kwa mkasi na ukingo wake unaweza kuchambuka, uupinde. Mwonyeshe Mama, umwambie nimelidarizi mimi na mzee mmoja wa kazini, usiongeze zaidi. Kama ana swali, liandike kama alivyolisema.

Nisalimie shemeji, mjomba mwenye mashine ya kusaga, na shangazi anayelala chumbani kwa Mama. Binamu yetu mwalimu mwambie nilipata daftari zake. Mama mwambie nakunywa maziwa.

Nitaingia kesho mapema, niweke jina lake juu kwenye kitabu.

Mdogo wako,
Yona