Mdhamini Marehemu na Jina la Mtoto Atakayezaliwa

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA FAMILIA, JUMAPILI ALASIRI, SEBULENI KWA MWENYEKITI

Waliohudhuria: Baba Mkubwa, fundi wa majokofu (Mwenyekiti), Shangazi, karani wa mahakama (Katibu), Kijana wetu, mpimaji wa maabara, mkewe, mshonaji, mjamzito.
Hakuhudhuria: Baba Mdogo. Hakutoa udhuru, kama kawaida yake.

KUMB. NA. 1: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao baada ya kumaliza chai yake.

KUMB. NA. 2: MKOPO WA MASOMO
Kijana alieleza kwamba mshahara wake hukatwa kabla haujamfikia. Yeye na mkewe waliahirisha kuzaa wakingoja deni liishe. Deni halikuisha, na umri haukungoja. Katibu aliona uchungu, na anaomba hilo libaki humu.

KUMB. NA. 3: MDHAMINI
Ilikumbushwa kwamba Mwenyekiti ndiye aliyeshauri Babu aandikwe mdhamini wa mkopo huo, ilhali alikwisha kuzikwa, akisema, "Marehemu hadaiwi." Mwenyekiti alijibu kwamba siku hiyo wote walicheka. Ni kweli, tulicheka.

Kijana aliarifu kwamba wadai wamempigia simu. Wanasema wamezungumza na mdhamini, amelikubali deni, na yuko njiani. Mwenyekiti alisema hao ni matapeli. Mke wa Kijana aliuliza matapeli wamejuaje kwamba Babu alikuwa akikohoa kwanza ndipo ataje jina lake.

KUMB. NA. 4: JINA LA MTOTO
Kwa desturi yetu, mtoto wa kwanza kuzaliwa baada ya msiba hurithi jina la marehemu. Tangu afariki Babu hajazaliwa mtoto. Mke wa Kijana alikataa katakata. Mwenyekiti alimwambia mwacha mila ni mtumwa. Alijibiwa, "Mtumwa ni huyu mnayetaka kumwandikisha hata hajanyonya, Baba Mkubwa."

Baada ya maneno ambayo Katibu hakuyaandika, iliamuliwa mtoto asipewe jina lolote mpaka deni liishe.

KUMB. NA. 5: MENGINEYO
Simu ya Kijana iliita. Mwenyekiti aliagiza iwekwe spika. Sauti ya mwanamke, yenye adabu sana, ilimwulizia mdhamini kwa jina lake. Mwenyekiti alisema hapa hakuna mwenye jina hilo, wala hatakuwepo.

Sauti ilijibu, "Haina shida, mzee. Jina kaeni nalo. Sisi tukimwita, ataitika."

Ndipo ikamwita.

Mke wa Kijana alishika tumbo. Aliomba iandikwe kwamba mtoto amegeukia upande wa simu.

Imeandikwa.

KUMB. NA. 6: KUFUNGA
Kikao kilivunjika saa kumi na moja jioni bila Mwenyekiti kukifunga.

Mwenyekiti: (alikataa kutia saini)
Katibu: Shangazi (sahihi)