Mzigo Nilioitwika Kompyuta Yako

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia kwenye kurasa za nyuma za daftari lako la nyimbo. Miezi yako yote ya mwisho nilikuwa nakuamkia huku natazama sakafu, na wewe ukawaambia wageni kwamba binti yako amerudi kutoka chuo na adabu zake zote. Haikuwa adabu, Baba. Nilikuwa naogopa macho yako.

Mama hajambo, magoti tu yanamsumbua. Kwaya wanaendelea, ila wanavuta nyimbo mpaka mtu anasahau walianzia wapi, ungewafokea. Kompyuta yako bado iko kwenye kona ya sebule, nyuma ya kochi, imefunikwa kile kitambaa cha kufuma cha Mama chenye maua ya waridi. Nilitaka kukitoa, akakataa. Kila kitu cha sebuleni kwake lazima kivae, hata kilichokwisha kufa.

Nina neno nililolibeba na limenichosha. Fundi Kondo hakuiua kompyuta yako. Niliiua mimi.

Unakumbuka likizo ya Krismasi ya mwaka wangu wa pili kule Dodoma? Nilikaa kwenye kiti chako mchana mmoja ulipokuwa mazoezini na kwaya yako, nikaweka programu ambayo hukuiomba. Pale chuoni ilikuwa imetushika wote. Ni kazi ya kujitolea: kompyuta yako ikiwa haina shughuli, inawakopesha watafiti wa mbali nguvu zake, inapiga vipande vya hesabu vya kutafutia dawa za magonjwa, pamoja na maelfu ya kompyuta nyingine za majumbani. Ni jambo jema, sijutii wema wake. Lakini kulikuwa na alama, Baba. Kila hesabu ikikamilika jina lako linapanda kwenye orodha, na mimi nilitaka jina langu lipande juu ya majina ya wenzangu.

Sasa sikiliza aibu yenyewe. Nilikuwa na kompyuta yangu ya mkononi, ile uliyoninunulia baada ya kuvuna tumbaku. Nilikuwa nimeshaijaribu kwa siku mbili, ikachemka mapajani, feni ikalia, nikaiondolea ile programu kwa sababu niliihurumia. Ndipo nikaipeleka kwenye yako. Nilijua inachosha. Kulikuwa hata na mahali pa kuchagua kompyuta ifanye kazi nusu tu, ibakize pumzi. Niliweka kiwango cha mwisho.

Na kwa kuwa ulizoea kuizima kila ukimaliza kuandika nyimbo, nikakudanganya. Nilikwambia, "Usiizime, Baba. Kuwasha na kuzima ndiko kunakoiua." Ukanisikiliza kama mwanafunzi. Nilikusikia ukimwambia Mama asiiguse ile swichi, mwanangu amesomea.

Basi ikawaka usiku na mchana, miezi. Asubuhi ulikunja kitambaa kutoka kwenye kioo, ukaiamkia "Mwangaluka" kama vile ni jirani, na kile kitambaa ukakirundika juu ya boksi lake, palepale hewa ya moto inapotokea. Mama naye akagundua kwamba unga wa maandazi unaumuka upesi ukiweka bakuli juu yake. Mlicheka. Ulisema mashine yako ina nyuki ndani, siku moja tutalina asali. Umeme ulipokuwa unaisha kabla ya siku zake, ulimlaumu Mama na pasi yake, mkagombana siku nzima. Nilikuwepo, likizo iliyofuata. Nilikuwa nakunywa chai.

Wale nyuki walipozidi kuvuma ukaipeleka mjini kwa Fundi Kondo. Akaifungua, akapuliza vumbi lote la kijijini kwetu Kwihara, akaiwasha kuijaribu, ikalia vizuri. Wiki moja baadaye ikazimika ikiwa inatoa harufu ya plastiki iliyoungua, na ndani yake nyimbo zako zote, nota za sauti zote nne, miaka ya kuandika.

Tulikwenda wote wawili, boksi nimelipakata kwenye pikipiki likiwa limefungwa kanga. Fundi akalifungua pale barazani kwake, watu wamekaa wanasubiri simu zao. Akatuonyesha vile vikopo vidogo kwenye bodi vilivyovimba matumbo, na ile dawa ya kupoozea iliyokauka ikawa chokaa. Akasema, "Mwalimu, hii imefanyishwa upagazi. Kuna mtu ameitwika mzigo." Ukamjibu kwamba unaandika nyimbo za kanisa tu, mzigo gani huo. Kisha ukanigeukia mimi, uliyenisomesha. Nikasema labda ni vumbi.

Hilo tu, Baba. Labda ni vumbi. Na kwa kuwa aliyeifungua kutoa vumbi ni yeye, hesabu ikawa rahisi: amenyofoa kifaa kizuri, ameweka kibovu. Ukamwita mwizi.

Yeye alicheka. Angefanya nini? Yeye Mzaramo, wewe Mnyamwezi, watani tangu babu zenu wanapita njia ya misafara kwenda pwani na kurudi. Miaka yote mliitana wezi, wachawi, wala panya, na kesho yake mkala wali pamoja. Alifungua mdomo akurudishie. Ndipo ukasema, "Leo sitanii, Kondo."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifungwa namna ile. Akakuomba umwachie tu ile diski ya ndani inayotunza nyimbo, huenda imepona. Ukakataa. Ukalibeba boksi mwenyewe mpaka kwenye pikipiki, na tangu siku ile ukipita mtaa ule ulitazama upande wa pili. Wanakwaya nao wakaacha kumpelekea simu zao. Nilikuwa na nafasi nyumbani, njiani, mezani, kila siku. Kila siku nilijiambia kesho, na nilipomaliza kesho zangu wewe ukaanguka, ukalazwa siku tatu, ukaondoka.

Sikutegemea angekuja kukuzika. Alikuja. Alikuja kama mtani anavyopaswa kuja. Tulikuwa tumeshalifikisha jeneza, tukamwona anatokea amevaa koti kuukuu kama lako, miwani puani, amejitwika kibodi kichwani kama mpagazi, akalala kando ya kaburi akisema hazikwi mtu hapa mpaka kompyuta ipone. Akaigiza sauti yako, "Fundi mwizi huyu, fundi mwizi." Watu waliokuwa wanalia wakaanza kucheka huku wanalia. Mama alicheka, Baba, nakuapia. Halafu akainuka, akapangusa miwani, akauliza kwa sauti yako kompyuta yangu ameiua nani. Akajijibu mwenyewe, "Si Kondo! Ameiua binti yangu msomi!"

Wakacheka zaidi. Ukweli ulisemwa mbele ya ukoo na kanisa zima, na hakuna hata mmoja aliyeuamini, kwa sababu aliyeusema ni mtani na mtani haulizwi. Mimi peke yangu sikucheka. Shangazi akanikumbatia akidhani ni uchungu wa kufiwa.

Baada ya arobaini nililichukua lile boksi, nikaenda nalo kwake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kama kawaida. Nilianza kueleza, akaninyamazisha kwa mkono huku anafungua skrubu. Alijua zamani. Siku ile alipoijaribu baada ya kutoa vumbi, programu ilijiwasha yenyewe mbele yake, na jina langu likatokea kwenye kioo. Nikamuuliza kwa nini hakusema pale barazani, alipoitwa mwizi.

Akasema, "Mtoto havunjwi mbele ya baba yake. Nilikuwa nakusubiri wewe."

Akaichomoa diski, akaiunganisha na mashine yake. Hatukumaliza hata kikombe cha kahawa. Nyimbo zako zote zipo, Baba. Zote. Joto liliua bodi na vikopo vyake, diski haikuguswa. Zilikuwa humo siku zote, nyuma ya kochi, chini ya maua ya waridi, hatua tatu kutoka pale ulipokaa ukikuna kichwa kwa kalamu, ukijaribu kuzikumbuka upya kwenye daftari hili. Kama ningesema sentensi moja ungemwachia Kondo ile diski, na jioni ileile ungezipata. Nilikuwa nakuona unaimba sauti ya pili kwa mluzi, unasimama, unarudia, unasema uzee huu. Haukuwa uzee.

Naona haya hata kuomba msamaha, kwa sababu najua ungenipa. Hicho ndicho kinachoniuma zaidi. Wewe uliyekiazimisha kijiji kizima baiskeli yako, ningekuuliza tu, "Baba, kompyuta yako iwasaidie watu wanaotafuta dawa?" ungesema isaidie, ilikuwa imekaa bure. Ungeuliza maswali mawili, ungeivua kitambaa, ungeisogeza dirishani ipate hewa. Wema wote ule ungekuwa wako. Mimi niliuiba nikauandikia jina langu.

Programu ile niliacha kuitumia. Alama zangu bado ziko kwenye ile orodha, mtu akitafuta ataziona. Siwezi kuzifuta na siwezi kuzitazama.

Sasa niage, karatasi inakaribia kwisha. Ule wimbo uliouacha katikati, ule wa mavuno, ulikuwa umeandika sauti ya kwanza na besi, mistari miwili umeiacha wazi ukingojea kukumbuka. Nimeijaza leo kutoka kwenye diski, kwa kalamu yako. Mwandiko ni wangu, nota ni zako. Kwaya wataupata wimbo mzima.

Pumzika, Baba. Mama nitamtunza, na ugomvi wa pasi nimeshamweleza; aliniambia nikachote maji. Bado hajasema zaidi ya hapo.

Jumamosi, saa nne, watu wanapojaa pale kwa Fundi Kondo na simu zao, nitasimama kwenye baraza ileile uliyosimama wewe. Nimewaomba wanakwaya waje, na wameniahidi, ingawa sijawaambia ni kwa ajili ya nini. Najua watu wa Tabora, wakishamwona Kondo karibu watajiandaa kucheka. Kwa hiyo nitaanza na maneno yako, kwa sauti yako kama nitaiweza: Leo sitanii.

Mwanao.